Tumbawe la Vidole Vitano

Tumbawe lililohamishwa hufunga. Hununa kama bibi harusi aliyeozwa kwa nguvu, likajikunja ndani ya mifupa yake siku kadhaa mpaka lizoee maji, taa na majirani. Kila anayefuga matumbawe nyumbani anajua hivyo. Hili lilifunguka palepale, mara tu mume aliposema, "Karibu, mrembo."

Mkewe alikuwa nyuma yake na ndoo mkononi. Alisikia.

"Umeliitaje?"

"Nani, tumbawe?" Daktari wa meno akacheka bila kugeuka. "We nawe! Utaona wivu hata na jiwe?"

"Jiwe haliitiki likiitwa, Baba Magego. Na mbona hujalikalisha karantini? Unajua limekuja na wadudu gani?"

"Nimelisuuza kwa dawa, liko safi."

Chupa ya dawa ilikuwa rafuni, kizibo chake hakijavunjwa. Mke akaiona. Uongo wa kwanza katika ndoa yao, na umesemwa kwa ajili ya kitu kisicho na macho.

Mtaani mke huyu walimwita Digrii, na wala si kwa heshima. Digrii yenyewe ya viumbe wa bahari, kaisotea hadi macho yakaomba miwani, kisha ukaja ule wimbo wa taifa wa waajiri: tutakupigia. Hawakupiga. Waliokuwa wakinakili majibu yake darasani sasa wanakaa chini ya viyoyozi, maana wao wajomba zao wanapokea simu. Alichobaki nacho Digrii ni mume, na lile tangi la kioo sebuleni lililowakutanisha. Jioni walikaa kochi moja wakitazama samaki kama wenzao wanavyotazama tamthilia. Hapo ndipo palipokuwa ofisini kwake. Wa kumpora hapo alikuwa bado hajazaliwa. Ndivyo alivyodhani.

"Basi nitambulishie ni aina gani," mume akasema. "Si wewe ndiye msomi?"

Akachukua lenzi. Kulitambua tumbawe si uchawi: unahesabu minyiri, yale manyoya laini yanayozunguka kila kinywa. Matumbawe laini yana minyiri minane. Yale ya mawe hufuata sita: sita, kumi na mbili, ishirini na nne. Digrii akahesabu. Akafuta lenzi kwa ncha ya gauni, akahamia kinywa kingine.

Mitano. Minne mirefu, na mmoja mfupi umekaa kando kama dole gumba. Na kwenye ncha ya kila mmoja kitu kidogo, kigumu, kinachong'aa kama ukucha.

"Umelipata wapi?" akanong'ona.

"Mgonjwa kanipa. Dada mmoja, nilimng'oa gego. Mtu siriazi kweli, hata kuguna hakuguna. Akasema shukrani yake niiweke sebuleni."

"Damu je?"

Mume akakunja uso, kama mtu anayetafuta jina la mwalimu wake wa chekechea. "Sasa unaponiuliza... haikutoka. Yalitoka maji tu."

"Maji! Na wewe ukaona sawa, ukabeba ukaleta!"

"Usipige kelele," akasema, akalitazama tangi. "Atajifunga."

*Atajifunga.* Si *litajifunga*. Digrii akaweka lenzi chini.

Matumbawe hupigana, hilo si jipya. Hunyoosha minyiri ya sumu, yakamchoma jirani ili yapate nafasi. Lakini hili halikuchoma jirani mmoja. Yote yaliyokuwa tangini yakapauka, yakabaki mifupa meupe, na samaki wakajibana pembe moja ya kioo kama wapangaji wanaomkwepa mwenye nyumba. Sebule ikaanza kunukia marashi mazito, matamu, yenye shombo kwa chini. Mume hakuuliza kitu. Alinunua taa mpya ya buluu, akafunga mapazia mchana kutwa, na kochi akalisogeza mpaka likabaki na nafasi ya mtu mmoja kati yake na kioo.

Digrii alipoingiza mkono kusugua kioo, mnyiri mmoja ulimgusa kidole cha pete. Mguso mwepesi tu, wa dharau, kama mwanamke anayepima kitambaa cha mwenzake kwenye sherehe. Kidole kikafa ganzi. Kesho yake kilikuwa cheupe pe, na weupe ule ukaanza kupanda kuelekea kiganjani.

Alasiri moja umeme ulikatika, pampu zikanyamaza, na Digrii aliyekuwa jikoni akatega sikio kwa sababu nyumba haikunyamaza pamoja nazo, maji bado yalikuwa yakichezwa taratibu kama mtu anayeoga bila haraka, akasogea kwa vidole vya miguu hadi kwenye pazia, akachungulia, akamwona mume wake amepiga magoti na mkono umezama tangini hadi kwapani, macho kayafumba, na vile vidole vidogo mamia kwa mamia vikimpapasa kuanzia kifundo cha mkono kupanda juu, huku naye akivinong'onezea, neno kwa neno, bila hata kubadilisha pumzi, maneno yale yale aliyomwambia Digrii usiku wa ndoa yao.

Hakulia. Alimpigia mganga.

Mganga alikuja na kofia ya pikipiki kwapani, mwanamke mnene asiye na maneno ya kupoteza. Alinusa mlangoni, akagoma kukaa.

"Jini jike. Na amekaribishwa kwa mdomo, usinifiche."

"Mume wangu ndiye aliyemkaribisha, mama."

"Basi ni yeye wa kumfukuza. Alitoe tumbawe kwa mkono wake mwenyewe, likiwa zima, aseme: nenda, nina mke. Nitakuja Ijumaa nisimamie. Wewe usiliguse."

"Na mume akikataa?"

Mganga akavaa kofia yake. "Utakuwa umejua umeolewa na nani, mwanangu."

Jioni Digrii akamweleza mume kila kitu, akamwonyesha na kidole. Ulikuwa mkono wa mkewe, umekufa hadi kwenye kiganja. Mume aliutazama. Kisha akatazama tangi, na ndipo akajibu:

"Nipe muda nifikirie."

Afikirie! Nina mke, sentensi ya maneno mawili, mtu mzima anataka muda afikirie!

Mume alipotoka kwenda kliniki, Digrii hakusubiri Ijumaa wala mganga. Alichukua nyundo. Alilitoa tumbawe, akaliweka juu ya sakafu, akalipiga huku akitukana kwa lugha zote alizosomea, na kila pigo lilitoa sauti ndogo, si ya kulia. Ya kucheka. Vipande akavigawa: vingine sinki la jikoni, vingine choo, vumbi akaosha bafuni. Akavuta maji mara tatu. Halafu akakaa kwenye kochi, akajinyoosha, mwenye nyumba.

Hapo ndipo mhadhara wa mwaka wa pili ulipomrudia, umechelewa kama barua za kazi. Tumbawe haliuawi kwa kulivunja. Ukitaka liongezeke, unalivunja. Kila kipande hushika pale kilipoangukia, kikakua, kikawa tumbawe zima. Yeye na mume wake walikuwa wakifanya hivyo kwa koleo na gundi, wakishindana nani kapata mengi. Wivu ulikuwa umemfutia darasa lote.

Mlango ukafunguliwa.

"Mke wangu?" mume akaita.

"Abee," likaitika sinki, kwa sauti ya Digrii.

"Abee," kikaitika choo.

"Abee, mume wangu," likaitika bomba la bafuni, na mabomba ukutani, na tangi la maji juu ya dari, sauti ile ile, tamu kuliko alivyowahi yeye kuitumia.

Digrii akasimama katikati ya sebule, akafungua kinywa aitike. Weupe ulikuwa umeshafika kooni.

Mume akampita kama mtu anavyopita kabati, akakunja mikono ya shati, akaelekea bafuni akitabasamu.