Bastola ya Samawati

Kila jioni mama yake aliporudi kutoka kazini, Nyawira alikitazama kwanza kitambaa chake cha kichwa kabla ya kumtazama usoni. Kikiwa na vumbi la njano, alijua kiwandani walitengeneza mitungi. Kikiwa na vumbi jekundu, yalikuwa mabeseni; na kikiwa na la samawati, zilikuwa bastola za watoto kuchezea. Mama yake, Magdalene, alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha plastiki huko Ruiru, na kazi yake ilikuwa kumimina punje za rangi kwenye mashine. Nyawira alikuwa Gredi ya Sita, lakini moyoni bado aliamini kwamba bila mama yake mabeseni yote ya Kenya yangekuwa meupe kama uji wa mgonjwa.

Alikuwa mtoto wa kuota mchana. Mwalimu wake alizoea kumwambia, "Nyawira, rudi darasani," naye ameketi dawati la mbele kabisa.

Jumamosi zake zilifanana. Alifua sare, akapiga deki, akateka maji kwenye tangi la ploti yao ya nyumba za kupanga hapo Mugutha, na katikati ya hayo yote akasimama mara kumi kutazama povu la sabuni likibeba upinde wa mvua. Lakini Jumamosi hii ya mwezi wa tatu alimaliza kazi zote kabla ya kuitwa. Ilikuwa siku ya Holi, sikukuu ya Wahindu ambapo watu hupakana unga wa rangi usoni na kurushiana maji ya rangi. Mwenye kiwanda, Viren, na mkewe Madhuri, walikuwa wamewaalika wafanyakazi na watoto wao nyumbani kwao Thika, kama walivyofanya kila mwaka.

Mama alimchania nywele na kumkumbusha mambo mawili. Asalimie watu wote, hata askari wa getini. Na asiguse kitu ambacho hakupewa, kwa sababu kwa watu wengine kitu kikipotea, wa kwanza kutazamwa ni mgeni aliyekuja kwa miguu.

Walipofika, askari wa getini, Barasa, alikuwa amepakwa waridi mpaka kwenye masharubu. Aliwafungulia kwa madaha na kuwaambia kwamba leo yeye ni bwana harusi, wamtafutie tu bibi harusi. Ndani ya ua, unga wa rangi ulikuwa umetanda hewani bila haraka ya kuanguka. Watu walitokea ndani yake wakiwa zambarau, wakapotea, wakatokea tena wakiwa kijani. Nyawira alihisi ameingia katika ndoto ambayo mtu mwingine alikuwa anaiota, na mtu huyo alikuwa na furaha.

Riya, binti wa wenye nyumba, alikuwa na miaka kumi na miwili kama yeye. Walijuana tangu Holi ya mwaka uliopita. Alimvuta mkono, akampaka waridi mashavuni na viganjani, na kumpa pichkari, yaani bastola ya plastiki ya kurushia maji. Watoto wa Mugutha hawakuwa na neno hilo. Wao bunduki yoyote ya bandia waliiita bonoko, na Riya alilipenda neno hilo hata akaanza kulitumia mwenyewe. Kwa bahati mbaya, bonoko ya Nyawira ilikuwa na ufa.

"Yako hairushi," Riya alimcheka. "Yako inakojoa tu."

Nyawira akaenda jikoni kuomba nyingine. Madhuri alikuwa akikaanga bhajia, na Magdalene alikuwa kando yake akikanda unga. Bila kugeuka, Madhuri alimwambia aende stoo, atazame kwenye kikapu kando ya mashine ya kufulia.

Kikapu kilikuwa tupu. Lakini juu yake kulikuwa na kabati, na droo moja ya kabati hilo ilikuwa wazi kiasi cha kidole. Katika ule mwanya mwembamba palikuwa na rangi ya samawati, laini, kama kipande cha anga kilichohifadhiwa kisichakae. Nyawira alisimama akikitazama. Alijua hakuambiwa droo. Aliambiwa kikapu. Mkono wake ukaivuta droo.

Juu ya vitambaa vya meza vilivyokunjwa palilala bonoko nzuri kuliko zote alizowahi kuona. Aliiinua, ikamlemea. Akadhani imejazwa maji tayari. Aliitikisa karibu na sikio, lakini hakusikia maji. Alitafuta kifuniko cha kujazia, hakukiona. Labda unga umeziba, alifikiri, akaigeuza na kuchungulia kwenye tundu lake.

Tundu la bonoko ni dogo, la kupitisha sindano. Hili lilikuwa pana, la mviringo, na ndani yake giza.

Hapo ndipo ubaridi wake ulipomfikia mkononi. Mtoto wa mfanyakazi wa plastiki anaijua plastiki. Hii ilikuwa chuma. Chini ya rangi ya samawati aliona nambari zilizochongwa, na akaona kidole chake mwenyewe kikiwa kimelala juu ya kifyatulio, kimetulia kama kidole cha mtu anayecheza.

Alikiondoa. Akairudisha bastola juu ya vitambaa polepole, kama mtu anayemlaza mtoto bila kumwamsha, akaisukuma droo mpaka ikafungika. Kabla haijafungika aliona alama ya kidole chake juu ya ile samawati, ya waridi, wazi kabisa.

Alitoka nje. Watu walikuwa bado wanacheka, lakini sauti zao zilimfikia kwa mbali, kama za watu walio chini ya maji. Alikuwa anafikiria jambo moja tu. Akisema, watamuuliza alikuwa anatafuta nini kwenye droo. Watasema mtoto wa Magdalene anapekua nyumba za watu. Jumatatu mama ataambiwa asirudi kazini. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Riya alipomuuliza kama amepata, alisema hakuna kitu.

Bhumi, mdogo wake Riya mwenye miaka mitano, alikuwa amesimama hapo akisikiliza. Bonoko yake ilikuwa imeisha maji.

"Mimi najua kuna ingine," alisema. "Ya Papa. Ya bluu. Nilimwona akiiweka kwa droo." Akakimbia ndani.

Nyawira aliona mgongo wake mdogo ukiingia mlangoni, umepakwa njano na kijani. Kwa muda mfupi miguu yake haikusogea. Kisha akakimbia kuliko alivyowahi kukimbia.

Alimkuta Bhumi amesimama juu ya kikapu alichokipindua, droo imefunguliwa, mkono umeshanyooshwa. Alimkamata kiunoni na kumvuta nyuma. Bhumi alipiga kelele, akamng'ata mkono, akapiga mateke. Nyawira hakumwachilia. Aliendelea kumshika mpaka Madhuri akafika akikimbia, na nyuma yake Riya, na Viren, na Magdalene mwenye unga mikononi. Wote walimwona mgeni amemkaba mtoto wa nyumba mbele ya droo iliyo wazi.

Madhuri alimpokonya Bhumi na kuuliza kwa ukali anamfanyia nini mtoto.

"Anti, kwa droo kuna bunduki ya kweli," Nyawira alisema. "Niliishika. Nilidhani ni bonoko."

Viren alipita katikati yao. Aliichukua bastola, akaielekeza ukutani mahali ambapo hapakuwa na mtu, akaitoa risasi. Zilianguka moja moja juu ya mashine ya kufulia, fupi, za rangi ya shaba. Hizo hakuna aliyekuwa amezipaka rangi. Kisha akaigeuza na kuiona ile alama ya waridi. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Mama aliniambia nisiguse kitu," Nyawira alisema, na machozi yakaanza kuchora mistari katika unga wa mashavuni. "Anko, kosa ni langu. Si la mama."

"Hapana," Viren alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "La kwanza ni langu."

Alieleza yaliyotokea bila kujitetea. Bastola ilikuwa ya halali, na alikuwa na kibali. Mahali pake palikuwa ndani ya sefu, ghorofani. Asubuhi hiyo alikuwa nayo kiunoni, wageni wakamwita acheze rangi, akaona uvivu wa kupanda ngazi. Akaiweka kwenye droo kwa dakika moja. Hiyo dakika moja ilikuwa imegeuka muda wa saa mbili nzima.

Madhuri alikuwa ameketi sakafuni na Bhumi mapajani. Alisema rangi ile aliitaka yeye. Wezi walipovunja kiwanda na Viren akanunua bastola, yeye hakuweza kulala nyumba moja na kitu kile cheusi. Basi ikapelekwa kwa fundi, ikapakwa samawati kama mapazia ya sebuleni.

"Na kweli, nikaacha kuiogopa," alisema. "Nilipoacha kuiogopa, nikaacha hata kuuliza kama ameifungia. Leo nilipita hapa nikaiona. Nikachukua kitambaa cha meza, nikaenda zangu."

Riya aliuliza ingekuwaje kama ingebaki nyeusi. Kabla mtu mzima hajapata jibu, Bhumi alijibu akiwa bado analia.

"Nyeusi ni mbaya. Hiyo ya bluu ni yangu."

Viren alifumba macho. Alipoyafumbua alimtazama Magdalene, kama mtu aliyehitaji kuambiwa jambo na mtu asiye wa nyumba yake. Magdalene alijipangusa unga.

"Bosi, naomba niseme," alianza. "Miaka sita mimi humwaga rangi kwa mashine yako. Rangi inaongea. Ile samawati tunaweka kwa bonoko inamwambia mtoto, njoo tucheze. Sasa mumeifundisha bunduki maneno hayo hayo. Mtoto atajuaje kuwa hii inadanganya?"

Akawasimulia kuhusu Ronny, kijana wa ploti yao, ambaye aliipaka bonoko yake rangi nyeusi ya viatu ili aonekane mkali. Polisi wa doria walimnyooshea bunduki za kweli barabarani, akalala chini kwenye matope akiita mama yake. Ile ya Ronny ilikuwa mchezo uliovaa nguo za kifo, na hii ya hapa ilikuwa kifo kilichovaa nguo za mchezo. "Lakini tusiseme ni rangi peke yake," aliongeza. "Hata ingekuwa nyeusi, kuna mtoto angeishika, kwa sababu mtoto hushika. Bunduki haina rangi ya usalama. Usalama wake ni kufuli."

Viren aliipandisha bastola ghorofani saa hiyo hiyo, na walisikia mlango wa sefu ukifungwa. Aliposhuka aliwaita watoto wote uani. Aliwaambia, akiwa na rangi usoni na aibu chini yake, kwamba Jumatatu ataipeleka bastola kituo cha polisi yeye mwenyewe na kueleza alivyoiacha. Kisha akawafunza maneno ya kushika, akayarudia nao mara tatu mpaka hata Bhumi akayasema: ukiona bunduki, iwe ya rangi gani, usiguse, ondoka hapo, mwambie mtu mzima mara moja. Mwishowe akamgeukia Nyawira na kumshukuru mbele ya wote, kwa jina lake. Madhuri alimkumbatia kwa nguvu hata wakaachiana rangi.

Baadaye mama na mwana walienda kwenye bomba nyuma ya nyumba kunawa kabla ya kurudi Mugutha. Maji yaliyotiririka miguuni mwao yalikuwa ya zambarau, kisha waridi, kisha ya rangi isiyo na jina. Nyawira hakuyatazama. Watu walikuwa wamemsifu, na sifa zile zilimchoma.

"Mama," alisema, "sikusema mara ya kwanza. Niliirudisha nikafunga droo, nikanyamaza. Niliogopa utafutwa kazi. Kama Bhumi hangekimbia, ningenyamaza mpaka tufike nyumbani."

Magdalene alifunga bomba. Alichukua pindo la leso yake akamfuta mwanawe shingo, nyuma ya masikio, na pale mkononi penye alama za meno ya Bhumi. Hakuwa na haraka.

"Asante kwa kuniambia hata hilo," alisema. "Droo ulikosea kuifungua, na kunyamaza kulikuwa kosa kubwa kuliko la droo. Kazi, mwanangu, nitatafuta ingine. Mtoto wa watu ningemtafuta wapi?"

Nyawira aliinamisha kichwa. Mama akamwinua kidevu kwa kidole.

"Sikwambii usiogope. Hata mimi niliogopa nilipoongea na bosi. Ogopa tu, lakini ogopa huku unasema."