Marashi ya Anatole

Haya yalimpata rafiki yangu Monique, hapa Kalemie, wakati wa Zaire. Mumewe Anatole alipenda marashi fulani ya Ulaya ya kujipaka mashavuni baada ya kunyoa; alisema yanamfanya aonekane mkubwa wa biro, bosi wa ofisini. Alipofariki, Monique alimzika na chupa yake.

Jioni moja umeme ulikatika, akaenda kwa jirani yake Denise kuomba moto. Mlango ulipofunguliwa, harufu ile ikampiga usoni.

“Denise, umefukua kaburi?”

“Hapana, Mama,” Denise akanong'ona. “Yeye njo anakuja nayo. Alianza kuja hapa angali muzima.”

Monique akamtazama Denise. Huyuhuyu ndiye aliyemshika mkono makaburini, wakalia pamoja!

Nyuma ya pazia, gizani, viganja vilivyolowa vikaanza kupigapiga mashavu taratibu, kama vya mwanaume aliyemaliza kunyoa ndevu.