Mchoro Wenye Pembe

Kila siku akitoka shule, binti alipitia nyumba ya pampu kumpelekea baba yake chakula. Tangu mama afariki, kazi hiyo ilikuwa yake. Baba alikula amesimama, sikio kwenye mota. Mota hiyo ndiyo iliyosukuma maji ya mji mzima, na ilikuwa imeshaungua mara mbili. Mkubwa wa idara alisema baba anasinzia kazini. Mwenyewe hakuwahi kulowa viatu humo ndani.

Siku moja mkubwa huyo alikuja, na barua ya kumwachisha baba kazi mfukoni. Alikuja pia fundi wa umeme, mama mnene mwenye utani, amebeba kifaa chenye kioo kinachoonyesha umeme ulivyo. Mafundi hukiita oskiloskopu.

"Mkubwa anataka karatasi, na mwandiko wangu kama kuku kaparura," fundi alimwambia binti. "Wewe una penseli. Simama pale, usiguse kitu. Chora unachokiona."

Walianzia ofisini kwa mkubwa. Fundi alipopima umeme unaoingia, kioo kilionyesha vilima laini. Alipopima unaotoka kwenye kisanduku cha kurekebisha kasi ya mota, vilima vikawa meno ya kitana, mengine manene, mengine membamba.

"Hapo hakuna kosa," fundi alisema. "Kisanduku hukata umeme vipande vipande. Mpangilio wa vipande ukibadilika, kasi ya mota inabadilika."

Kisha wakarudi nyumba ya pampu, akapima kwenye mota yenyewe. Kila jino lilikuwa limeota pembe kali.

"Haya ndiyo maradhi. Pembe hizi zinadunga nyaya za ndani ya mota kutwa kucha, mpaka inaungua. Zinaota kwa sababu waya kutoka kwenye kisanduku ni mrefu mno."

Kisanduku kiliwekwa ng'ambo ya uwanja, ukutani ofisini kwa mkubwa, ili wageni waone taa zake. Baba hakuulizwa kikae wapi. Watu kama baba huulizwa kitu kikishaharibika.

Mkubwa alikohoa. "Huo ni uchafu wa kioo tu. Mtoto, futa hizo pembe, mchoro uwe safi."

Binti alimtazama baba yake.

"Futa, mwanangu," baba alisema kwa sauti iliyokwisha nguvu. "Nimechoka kubishana. Twende nyumbani."

Binti akafuta pembe ya kwanza, akafuta ya pili.

"Na kwenye kioo zimefutika?" fundi aliuliza.

"Hapana, mama."

"Sasa hapo unachora nini?"

Binti akarudisha penseli kwenye karatasi, akachora pembe zote upya.

"Samahani, mzee," alimwambia mkubwa. "Bado zipo."

Fundi akatia sahihi chini ya mchoro. Mkubwa akaondoka na barua yake mfukoni.

Wiki iliyofuata kisanduku kilihamishiwa kando ya mota. Fundi alipopima tena, pembe zilikuwa karibu zote zimetoweka. Radhi hakuomba mtu. Ukiwangojea wakubwa waombe radhi, utazeeka.

Binti alipoleta chakula, baba alivuta ndoo, akaketi.

"Mwanangu, ulikuwa umeona kweli, nami nikakuambia uifute," alisema. "Uchovu ulinisemesha uongo. Siku nyingine nikichoka namna ile, usinisikilize. Andika ulichokiona."

Akamega tonge la kwanza, akampa yeye.