Aliyemvisha Nafanua

Jumamosi ile soko la Otara, soko la watu waliotoka visiwani, lilikuwa limejaa mpaka njia zimeziba. Harufu ya panikeke, yale maandazi ya mviringo, zinazokaangwa ilikuwa imeshaingia kwenye nguo za kila mtu, na spika za muuza nyimbo za kanisa zilikuwa zikishindana na sauti ya mwenye kunadi viazi vya taro. Katikati ya vurugu hiyo Uelese Tamapua alikuwa anatembea kinyumenyume, simu sikioni, bahasha kubwa kwapani. Kisogo chake kikagonga sanamu iliyovishwa gauni, sanamu ikaanguka, bahasha ikapasuka, na kadi za rangi zikatawanyika chini kama mia mbili hivi.

"Kaka! Umeazima hayo macho au ni ya kwako?"

Aliyeuliza alikuwa Fuatino, fundi cherehani wa kibanda cha shangazi yake. Alivaa puletasi, blauzi ndefu juu ya sketi, ya rangi ya chungwa bivu yenye maua meusi, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na pini tatu zikiwa midomoni. Alizitoa pini moja moja ili agombe vizuri.

"Samahani, dada. Samahani sana." Uelese alipiga magoti kuokota. Alikuwa na mabega mapana ambayo yalimfanya kila mtu amuulize anacheza raga timu gani, na miwani iliyoshikiliwa na gundi, na shati la maua lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Hakuwahi kucheza raga maishani mwake. Alikuwa anatengeneza kompyuta za maktaba.

Fuatino aliokota kadi moja. Ilikuwa na picha ya mwanamke aliyefunikwa kwa vifuu viwili vya nazi na kijisketi cha nyasi, kama wacheza ngoma wa hotelini, ameshika rungu.

"Huyu ni nani?"

"Nafanua."

"Nafanua yupi?"

"Yule yule. Mungu wa kike wa vita."

Fuatino aliitazama kadi, akamtazama Uelese, akaitazama kadi tena. "Mama yangu ametoka kijiji cha Falealupo. Huyu ni wa kwetu. Alijifunga majani ya mnazi kifuani ili wasijue kuwa ni mwanamke, akawapiga wale waliokuwa wakiwaonea watu wetu, akawafukuza mpaka upepo ulipoinua majani. Hapo ndipo wakajua wamepigwa na mwanamke, wakatupa silaha kwa aibu. Ndiyo hadithi yenyewe, au mimi nimesimuliwa nyingine?"

"Ndiyo yenyewe."

"Sasa nyie mmemvua kabla vita havijaanza. Upepo utainua nini?"

Uelese alizitazama kadi zilizokuwa mkononi. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa. Akamweleza hapo hapo, magoti bado yako chini: ni mchezo wa mezani, watu wanne watano wanakaa pamoja, kila mmoja anakuwa shujaa, mmoja anasimulia, na dadu zinaamua nani apone. Michezo yote ya aina hiyo imejaa majoka ya Ulaya na wafalme wa ngome za mawe. Yeye alitaka bahari yao, mitumbwi yao, miungu yao. Kampuni ya uchapaji iliyokuwa ikiuangalia mchezo ndiyo iliyoleta mchoraji.

"Miungu yetu, sawa," alisema Fuatino. "Basi ivae nguo zetu."

Uelese aliomba namba ya simu. Kwa ajili ya kazi, alisema.

Alipoondoka, Shangazi Sieni, aliyekuwa akijifanya anahesabu vifungo, alisema bila kuinua uso, "Mwanamume anayeomba namba huku masikio yanatoa jasho hatafuti kazi."

*

Simu ya kwanza ilikuja Jumatatu saa ya chakula cha mchana.

"Haloo, mvisha miungu."

"Haloo, mvua miungu. Umezitupa zile kadi?"

"Zote. Ziko kwenye pipa la maktaba."

Fuatino aliacha sindano kwenye kitambaa. Hakutegemea hilo. "Zote mia mbili?"

"Ulisema hazifai."

Tangu siku hiyo walikutana kila baada ya kazi. Fuatino alichora: Nafanua katika majani ya mnazi yaliyosukwa na mkanda wa siapo, kile kitambaa cha magome, na Tagaloa wa mbinguni katika mkeka laini wenye manyoya mekundu. Uelese aliandika nguvu zao na hasira zao. Walibishana, wakala panikeke za mfuko mmoja, wakabishana tena. Mwezi wa pili hawakuwa wakibishana sana. Siku moja kwenye kituo cha basi Uelese alimshika mkono, akasahau kuuachia, na basi likaenda.

"Basi lako hilo, mpenzi," alisema Fuatino.

"Umeniitaje?"

"Nimeliita basi."

Ndipo lilipoingia jina la Vaihere.

Lilitokea kwenye kioo cha simu ya Uelese wakiwa wanakula. Alipokea, akasogea dirishani, akaongea nusu Kifaransa nusu Kitahiti, na akacheka. Fuatino alizijua cheko zake zote. Hii hakuwa ameisikia. Ilikuwa nyepesi, ya mtu aliye nyumbani kwake.

"Nani huyo?"

"Vaihere. Tunaandika naye mchezo. Yeye ana miungu ya Tahiti, Hina na Taaroa."

"Mbona nimesikia anakuita 'roho yangu'? Kifaransa hicho hata mimi nakijua."

"Ndivyo Watahiti wanavyoongea."

"Wote?"

"Wengi wao."

Kuanzia hapo Fuatino hakulala kwa amani. Alimtafuta Vaihere mtandaoni, akamwona: nywele mpaka kiunoni, meno ya kutangazia dawa ya mswaki. Alijichoma sindano mara nne kwa siku moja. Kila Uelese alipochelewa kujibu ujumbe aliona zile nywele. Wiki iliyofuata aliazima faili la kurasa za zamani ili aone Hina anavaaje, na ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wa Uelese, akakuta: *Kwa Vaihere wangu, aliyenifundisha kumsikiliza Hina.* Tarehe ilikuwa ya miaka minne nyuma. Aliukunja ukurasa ule mara nne, akautia kwenye mkoba. Shangazi yake akamuuliza kama anaumwa jino.

*

Siku ya kuujaribu mchezo ilipangwa Jumamosi mchana, katika chumba cha maktaba. Mama mmoja wa kampuni ya uchapaji alikuja na daftari lake. Vaihere alikuja amevaa gauni jeupe lisilo na mikono, akambusu Uelese mashavu yote mawili, akambusu na Fuatino, akanukia ua la tiare. Fuatino alikuwa amevaa puletasi mpya ya kijani iliyomchukua siku tatu kuishona, na alijua kwa nini aliishona.

Uelese alisimulia. Alikuwa msimulizi mzuri; hata mama wa kampuni aliacha kuandika.

"Mtumbwi umefika kwenye mdomo wa Pulotu, nchi ya wafu. Bwana wa huko, Saveasi'uleo, ameinuka majini, nusu mtu, nusu samaki mkunga. Maji yanazunguka. Vaihere, binti yako wa Hina ameteleza, ameanguka. Fuatino, shujaa wako ndiye aliye karibu naye. Una kamba."

"Ninayo."

"Unafanya nini?"

"Naikunja vizuri," alisema Fuatino. "Naiweka chini. Naikalia."

Mtu mmoja alicheka. Uelese aliinua macho. "Fuatino, atazama."

"Si ataogelea? Ndivyo Watahiti walivyo. Wengi wao."

Dadu zilikuwa mkononi mwa Vaihere. Aliziweka mezani bila kuzirusha. "Haya, nizame," alisema taratibu. "Lakini niambie, dada, nimekukosea nini mimi? Si huyu wa kwenye mchezo. Mimi."

Fuatino alitoa ukurasa mkobani, akaukunjua mbele ya Uelese. "Soma."

Uelese aliona mwandiko wake, akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Mlikuwa wapenzi?"

"Ilikuwa zamani sana, Fua…"

"Sijauliza lini. Nimeuliza kama."

"Ndiyo," alisema.

"Na mimi nilikuuliza ni nani, ukanifundisha tabia za Watahiti." Alichukua mkoba wake. Mlangoni aligeuka, akamwambia mama wa kampuni kwa adabu, "Mchezo ni mzuri, mama. Tatizo ni msimulizi."

*

Uelese alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ilipokewa na Shangazi Sieni.

"Fuatino hayupo."

"Shangazi, nasikia cherehani."

"Inajishona yenyewe. Tumenunua mpya." Akakata.

Wiki mbili zilipita hivyo. Jumamosi ya tatu, soko likiwa ndiyo kwanza limechangamka, kivuli kilitua juu ya meza ya Fuatino, na harufu ya tiare ikaja pamoja nacho.

"Nataka puletasi," alisema Vaihere. "Nipime."

Shangazi Sieni alikumbuka ghafla kwamba anataka ndizi, akaondoka, lakini hakwenda mbali.

Fuatino alivua futi shingoni. Mteja ni mteja. Alimpima mabega, akaandika. Akamzungushia futi kiunoni, akasoma nambari, akaichukia ile nambari, akaiandika.

"Miaka mitatu," alisema Vaihere, mikono ikiwa juu. "Nilimpenda. Mimi ndiye niliyeondoka. Na hilo la 'roho yangu' ni langu, si lake. Ulimi umezoea na sikuukataza. Hilo ni kosa langu."

"Inua kidevu."

"Hujaniuliza kwa nini nilikubusu siku ile huku nataka kukung'ata."

Futi ilisimama. "Wewe uning'ate mimi? Kwa lipi?"

"Unajua ni mara ngapi nilimwambia Uelese kwamba yule Hina aliyechorwa na kampuni si Hina? Alisema wachoraji wanajua kazi yao. Miaka yote hiyo! Wewe umesema mara moja, sokoni, na kadi zote zikaenda kwenye pipa. Nilikaa kwangu nikalia, Fuatino. Simlilii yeye, yeye nilishamlilia yakaisha. Nalilia kwamba hakunisikia mimi. Nina wivu mpaka meno yananiuma."

Fuatino hakujua aweke wapi mikono. Kwa karibu miezi miwili alikuwa amejenga adui, na sasa adui alikuwa amesimama mbele yake na macho mekundu, akiomba kupimwa.

"Urefu wa mkono," alisema, lakini kwa sauti nyingine.

Vaihere alinyoosha mkono. "Barua ya kampuni imekuja. Wanautaka mchezo. Wana masharti mawili: Nafanua arudi kwenye vifuu vyake, eti ndivyo anavyouzika, na apewe idadi ya uhai ili wachezaji waweze kumuua mwishoni. Uelese amekataa. Usidhani ni mimi niliyemshauri. Alipokuja kuniuliza kama nakubali, alikuwa ameshawajibu."

"Amekataa? Kazi ya miaka minne?"

"Nami nikamwambia amefanya vizuri. Tutauchapa wenyewe, kidogo kidogo."

"Mbona hakuniambia?"

"Hupokei simu, dada. Na nasikia cherehani yenu inajishona."

Nyuma ya rundo la ndizi Shangazi Sieni alikohoa.

*

Jumapili baada ya ibada, mezani kwa Shangazi Sieni palikuwa na taro, nguruwe wa tanuri, na palusami ya majani iliyojaa tui zito. Uelese alifika na mama yake na mjomba wake, shati jeupe lililopigwa pasi pande zote, kikoi cheusi cha kanisani, na mkeka laini, ule wa kuombea radhi au mchumba, umekunjwa mikononi. Watu walipoona mkeka waliacha kutafuna.

Sala ilisomwa. Mjomba alikohoa ili aanze hotuba, Uelese akamshika mkono.

"Mjomba, naomba nianze mimi. Nina aibu ya kusema kwanza." Akamgeukia Fuatino mbele ya wote. "Nilikuficha habari za Vaihere. Hakuna kilichokuwa kinaendelea, lakini nilikuficha, na kuficha ni kudanganya. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ulichokifanya."

Mama yake alificha kicheko kwenye leso. Fuatino hakucheka, ila mdomo wake ulitaka.

"Ungeniambia siku ile ile ningekasirika siku mbili," alisema. "Umenipa kukasirika miezi miwili. Nimejitoboa vidole hivi, tazama."

Uelese alivitazama vidole kimoja kimoja, akavishika. Hakuna aliyemkataza. "Jina lako litakuwa kwenye jalada," alisema. "La kwako, la Vaihere na la kwangu, kwa ukubwa mmoja. Na Nafanua hana idadi ya uhai. Nimeandika kwamba mchezaji akiuliza anauawaje, msimulizi amjibu: kamuulize mwenyewe."

"Hilo ni zuri," alisema Fuatino.

"Nimekuja kuomba unioe. Yaani nikuoe." Masikio yake yalikuwa yanatoa jasho. "Mjomba ana hotuba ndefu juu ya hilo, ameifanyia mazoezi."

"Aiseme," alisema Shangazi Sieni. "Chakula hakitapoa. Nyie ndio mmeshapoa vya kutosha."

Mjomba aliisema yote, ukoo kwa ukoo, kisiwa kwa kisiwa. Alipomaliza, kila uso ulimgeukia Fuatino.

"Nakubali," alisema. Kelele zilipotulia, Uelese alimwinamia sikioni.

"Kuna jambo moja. Vaihere. Tusipomwalika…"

"Mwalike."

"Kweli?"

"Mwalike. Na umkalishe mstari wa mbele kabisa, nimwone vizuri."

"Bado una wivu?"

"Sana," alisema Fuatino, akamsogezea sahani ya palusami. "Kula."