Imetajwa Tu

Benchi la koridoni lilikuwa limelowa tena, upande wa kulia wa mama, mahali ambapo hakuna mtu aliyekaa tangu asubuhi. Mfagiaji alipitisha kitambaa, akasonya, akaenda zake. Maji yakarudi.

Mama alishachoka hata kushangaa. Hii ilikuwa mara ya tisa anakuja mahakamani kwa ajili ya binti yake, aliyezamishwa na mumewe kwenye tangi la maji, na mara zote tisa alikalishwa benchi moja na mama wa muuaji, huyo kushoto kwake, magoti yakigusana kana kwamba wamekuja harusini. Upande wa muuaji walikuwa na wakili wa kuwanong'oneza kila kitu. Yeye alikuwa na karani.

"Mwanangu, leo vipi?"

"Imetajwa tu, mama. Rudi tarehe kumi na nne."

Imetajwa tu! Kwa karani, kutajwa ni kesi kusomwa namba na kuahirishwa. Lakini mama alionywa tangu utotoni kwamba aliyekufa kwa dhuluma hatajwi ovyo, maana akisikia ametajwa huja. Na hawa walimtaja kila mwezi, kisha wakamwacha mlangoni bila kumwambia wamemwitia nini. Ilimkera.

Tarehe kumi na nne alikuta koridoni hakuna mtu. Palinuka uvundo wa maji yaliyolala gizani, na chini ya mlango wa masjala maji yalikuwa yakitambaa kidogokidogo, na juu ya sakafu, bila mwenyewe kuonekana, nyayo za miguu aliyoiogesha tangu ikiwa ya kitoto zikajichora moja baada ya nyingine hadi ubavuni mwake, na sikio lake likapoa ghafla kama limepulizwa.

"Mama, wamesemaje?"

Akausukuma mlango wa masjala kwa hasira zaidi ya hofu. Karani hakuinua macho.

"Ile? Tarehe ilisogezwa, kesi ikafutwa wiki iliyopita, mshtakiwa kaachiwa. Kwani hukuambiwa?"

"Na nani? Nimekaa hapo nje mwezi baada ya mwezi, nani aliwahi kuniambia chochote?"

Karani akafunua faili jingine. Mama akanyoosha mkono nyuma, akashikwa na vidole vya baridi.

"Twende nyumbani, binti yangu," alinong'ona. "Wameshamaliza."

Vidole vikamwachia.

"Tangulia, mama. Mimi sijaambiwa."

Ndipo karani alipoinua macho, kalamu ikamponyoka.

"Mama... huyu uliyekuja naye ni nani?"

"Muulize mwenyewe," alisema mama, akatoka na kuufunga mlango.