Bolti ya Chini

Jumamosi saa nne asubuhi duka la vipuri halina foleni, lina viwiko. Kila mteja ameshika kipuri chake kibovu mkononi, na kila mmoja anaamini haraka yake ndiyo haraka ya kweli, za wenzake ni mbwembwe. Nyuma ya kaunta alisimama msichana mwenye ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi mpaka mistari ikasimama, kitambaa cha rangi ya machungwa kichwani, vipuli vidogo vya dhahabu masikioni. Wenzake walimwita Kompyuta. Ukimtajia gari na mwaka wake, alikutajia namba ya kipuri bila kufungua kitabu.

Kijana mmoja kinyozi alipenya mpaka mbele kwa nguvu za tabasamu, kama alivyozoea. Shati jeupe, kola imekaa, ndevu zimechongwa kwa mstari, manukato yanamtangulia. Katikati ya harufu ya grisi na mipira alionekana kama mtu aliyekosea mlango.

"Mrembo, naomba oili ya giaboksi."

"Ya gari gani?"

"La haibridi. Nipe yoyote tu."

"Yoyote hatuuzi."

Watu wakaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka, maana anayeishi kwa kunyoa watu hujua kuchekwa.

"Kaka yangu," alisema Kompyuta, "ndani ya giaboksi ya haibridi mna mota za umeme. Oili yake ni maalumu. Ukitia yoyote, Jumamosi ijayo utarudi hapa, ila utarudi kwa miguu. Nani anakubadilishia?"

"Mwenyewe, nyumbani. Gereji zote za mtaani kwetu zinaogopa kuligusa. Nimeangalia video."

"Ngapi?"

"Mbili." Akajifikiria. "Moja na nusu."

"Haya. Utaanza kufungua bolti ipi?"

"Ya chini, oili ya zamani itoke."

"Hapo ndipo wanapolia wengi. Unaanza na ya juu, ya kujazia. Ukishamwaga, halafu ya juu igome kufunguka, utafanyaje?"

Tabasamu la biashara likamtoka kinyozi, likabaki lile la kweli, ambalo lilikuwa dogo zaidi.

"Dada, gari lile ndilo linampeleka baba yangu hospitali. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, anasafishwa damu kwa mashine. Siwezi kulikosea. Kesho una kazi?"

"Mjibu basi," alifoka mzee mmoja nyuma aliyeshika rejeta. "Na sisi tuna magari!"

Kompyuta akakubali. Msinidanganye kwamba alikubali kwa ajili ya gari.

Jumapili alifika na mkoba wa spana begani, suruali ya jinzi, fulana nyeusi, nywele amezifunga nyuma. Uwanja ulikuwa wa saruji, uko sawasawa, jambo lililomfurahisha kuliko maua aliyoandaliwa mezani. Kibarazani aliketi baba mtu, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwembamba, mshipa wa mkono wa kushoto umetuna pale sindano zinapoingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye fundi? Mwangalie sana huyu mwanangu. Hesabu ilimshinda tangu darasa la tatu."

"Baba!"

"Nimesema uongo?"

Kompyuta akanyoosha mkono kwa kinyozi. "Ufunguo wa gari. Utakaa na mzee. Gari hili likinyamaza haimaanishi limezimwa, linaweza kujiwasha tukiwa chini." Kisha, kwa sauti ya mtu asiyetania: "Na sheria yangu moja. Wa mwisho kutoka chini ya gari ndiye anayekagua bolti zote."

"Sawa, mwalimu."

Wakalinyanyua kwa jeki, wakaliweka juu ya stendi nne za chuma, wakaondoa kinga ya plastiki ya chini, wakalala juu ya kadibodi bega kwa bega. Bolti ya juu ikafunguka kwa kulia. Ya chini ikafuata, oili ikamwagika kwenye beseni, nyeusi na ya vuguvugu. Kompyuta akaipima kwa chupa za maji: lita tatu na nusu. Kilichotoka ndicho kitakachorudi, akamwambia. Kinyozi hakusikia sana. Alikuwa akitazama tone la oili kwenye shavu la fundi wake, akilitafutia sababu ya kulifuta.

"Una kitu usoni."

"Najua. Kiache."

"Nimeshindwa kukiacha."

Akalifuta kwa kidole gumba, na wote wawili wakasahau kidogo kilichowaleta pale. Kompyuta akageukia kazi. Akavisha bolti ya chini kipete kipya cha kuzuia oili isivuje, akaizungusha kwa vidole mpaka ikagota, akaipapasa kadibodi kutafuta spana ya kupimia mkazo.

"Mkwe!" aliita mzee kutoka kibarazani. "Mkwe wangu, hebu njoo!"

Neno lile lilimpata Kompyuta vibaya. Alicheka mpaka akajigonga kichwa, akatoka chini ya gari mikono ikiwa imejaa oili, na mzee alichotaka ni kumwonyesha picha ya mwanawe akiwa na umri wa miaka sita, amenyolewa upara. Aliporudi alishika mpira wa kujazia. Akamimina oili mpya mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye tundu la juu, akaifunga ile bolti ya juu na kuikaza kwa kipimo. Ya chini hakuigusa tena. Kinyozi ndiye aliyeingia mwisho kurudisha ile plastiki. Aliiona bolti iko mahali pake, safi, inang'aa. Akaifunika.

Wiki sita zikafuata, na sioni haya kusema zilikuwa tamu. Simu ya kinyozi iliingia kila siku duka lilipofunguliwa.

"Umeamkaje, Kompyuta wangu?"

"Nimeamka na wateja kumi mbele yangu. Sema haraka."

"Nakupenda."

"Namba yake ngapi? Nikaitafute stoo."

"Hiyo haipo stoo. Niliinunua yote."

"Muongo mkubwa wewe! Mzee ameamkaje?"

"Anamuulizia mkwewe, mimi hata kuniulizia haniulizii."

Jumatatu ndiyo siku mbaya kwa wagonjwa wa figo, kwa sababu kutoka Ijumaa ni siku tatu bila mashine, na mwili umejaa maji na sumu. Jumatatu moja saa mbili asubuhi, juu ya daraja lenye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, gari lilianza kutoa mlio mwembamba. Taa nyekundu ikawaka. Kinyozi akakanyaga mafuta, gari likakataa kuvuta. Likasimama katikati ya njia, na honi zikaanza kutukana nyuma yao. Akapiga simu.

"Kompyuta, gari limekufa darajani. Mzee yumo ndani."

"Naleta gari la duka. Mfungulie vifungo vya shati. Mfungulie madirisha. Nakuja, mpenzi, nakuja."

Alikuja, lakini daraja lilikuwa limeziba pande zote, na lililoliziba ni gari lile lile. Ilimchukua saa moja na dakika arobaini kuwafikia. Mzee alipumua kwa shida akijaribu kufanya mzaha, kisha akapumua bila mzaha. Mwanawe na mkwewe walimbeba mpaka ng'ambo ya daraja, wakamlaza kwenye pikapu katikati ya maboksi ya vichujio. Moyo wake ulisimama kwenye korido ya hospitali, hatua chache kabla ya chumba cha mashine.

Fundi wa gari la kuvuta ndiye aliyefungua ile plastiki. "Bolti ya chini haipo," alimwambia kinyozi siku iliyofuata. "Imelegea kidogo kidogo, oili ikawa inajikusanya kwenye plastiki. Ndiyo maana hukuona tone uwanjani. Nani alikagua mwisho?"

"Mimi," alisema kinyozi.

Akamwandikia Kompyuta ujumbe. Alitaka kuandika mengi, vidole vikagoma. Akatuma maneno manne tu: *Bolti ya chini ilifunguka.*

Kompyuta aliusoma stoo, nyuma ya rafu za pedi za breki. Akauona tena mkono wake wa siku ile ukipapasa kadibodi, akajisikia akicheka. Akakaa chini sakafuni. Amejua, alijiambia. Hataki hata kunitukana. Akajibu, "Pole sana," kisha akaona aibu kwa udogo wa neno lenyewe.

Mazikoni alisimama nyuma ya wanawake, gauni jeusi refu, ushungi umemfunika mpaka nyusi. Kinyozi alimtafuta kwa macho, akampata, naye akainamisha uso. Hawezi hata kunitazama, alijisemea kinyozi. Nimeivunja sheria yake na nimemuua baba yangu. Kwa ujinga huo huo, kila mmoja akimkimbia mwenzake kwa kosa lake mwenyewe, wakaachana bila mtu kutamka neno kuachana.

Miezi mitatu. Kinyozi akawa anawanyoa wateja kimya, na kinyozi kimya hukimbiwa. Kompyuta akaanza kufungua kitabu kabla ya kutaja namba yoyote. Bosi wake akadhani anaumwa, akampa likizo, akaikataa.

Jumamosi moja kinyozi alirudi dukani. Shati halikupigwa pasi, ndevu zimeota ovyo. Hakupenya. Alisubiri zamu yake nyuma ya watu tisa.

"Naomba dakika tano," alisema alipofika mbele.

Kompyuta akampeleka stoo. Walisimama katikati ya rafu, umbali wa mkono mmoja tu kati yao, wala hawakugusana.

"Nilikuja kuomba msamaha," alianza kinyozi. "Uliniambia, wa mwisho kutoka chini anakagua. Nilikuwa wa mwisho. Niliiona bolti, sikuishika. Ulinifundisha vizuri, ni mimi nisiyefundishika. Nimejaribu kukaa bila wewe, nimeshindwa. Kama unaweza kumvumilia mtu aliyemuua baba yake, nataka nikuoe."

Hapa Kompyuta angeweza kunyamaza. Angelia kidogo, angesema ndiyo, na hakuna kiumbe duniani ambaye angejua. Alimtaka mwanamume huyu kuliko alivyowahi kutaka kitu, na alikuwa analetewa mkononi. Na akaona vilevile jinsi atakavyolala kando yake miaka yote, mume akijiita muuaji, yeye akimfariji.

"Si wewe," alisema.

"Usinifariji."

"Sikufariji. Spana haikuigusa ile bolti. Niliizungusha kwa vidole tu. Mzee akaniita mkwe, nikatoka nikicheka, nikaisahau. Ni mimi."

Kinyozi alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ujumbe wako. Nilidhani umejua. Nilidhani unanishtaki."

"Nilikuwa najishtaki mimi! Miezi mitatu naamka najiita muuaji, na wewe unajua?"

"Najua."

"Ungepiga simu. Neno moja tu!"

"Niliogopa. Sina sababu nyingine. Niliogopa."

Kinyozi akarudi nyuma, bega likagonga rafu, maboksi ya plagi yakaporomoka. Akainama, akayaokota moja moja, akayapanga. Kisha akatoka bila kuaga.

Robo saa baadaye simu ya Kompyuta ililia. Alimwona kupitia kioo, amesimama ng'ambo ya barabara, simu sikioni.

"Sijui kama nitaweza," alisema kinyozi. "Nikikutazama namwona baba kwenye korido ile. Nisipokuona, siishi. Kesho nitapiga. Nikikosa la kusema nitanyamaza. Usikate."

"Sikati."

Alipiga kesho yake, akanyamaza dakika nne. Kesho kutwa, dakika saba. Wateja wakazoea kumwona Kompyuta akiuza vichujio na mikanda ya feni, simu imebanwa kati ya sikio na bega, hasemi na mtu. Wakati mwingine aliisikia mashine ya kunyolea ikinguruma upande wa pili. Wakati mwingine alisikia mtu akilia kwa kujizuia, naye akaziba midomo kwa kiganja ili asisikike na yeye.

Siku ya kumi na moja duka lilikuwa limefurika. Simu iliingia, kimya kikaanza kama kawaida. Akauza plagi nne. Akafungua kitabu, akathibitisha namba, akakifunga.

"Bado sijakusamehe," ilisema sauti ya kinyozi, imekauka.

"Najua."

Mteja aligonga kaunta kwa sarafu. Kompyuta akampa mgongo, akaikandamiza simu sikioni kwa mikono yote miwili. Kule kinyozi alivuta pumzi ndefu, akaishusha.

"Umekula?"