Kifurushi cha Uzi Mwekundu

Siku ya Jumatano, tarehe kumi na tatu Mei, mwaka elfu mbili na ishirini, adhuhuri, maiti ya mwanamke ilikutwa katika ujia ulio nyuma ya nyumba za kupanga. Ilikuwa imelala kifudifudi juu ya maji machafu ya kufulia, na barakoa ilikuwa bado imefunika pua na mdomo.

Aliyeiona kwanza ni mama mwenye nyumba, aliyekwenda kumwaga majivu. Hakupiga yowe. Alirudi ndani, akavaa barakoa yake, ndipo akapiga simu kituo cha polisi.

"Njooni mchukue taka zenu," alisema, akakata simu.

Inspekta alifika pamoja na Sajini wake, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi. Mtaa ulikuwa kimya. Amri ya kutotoka nje ilikuwa imefunga maduka, baa na vinyozi, na watu walichungulia kwa pazia tu.

"Unamfahamu marehemu?" Inspekta alimwuliza mama mwenye nyumba.

"Nani asiyemfahamu? Huyo ni Dada Mkoba. Kazi yake kuwagawia malaya kondomu na vidonge. Na yeye mwenyewe alikuwa malaya, tena wa siku nyingi, kabla hajafundishwa hiyo kazi ya uelimishaji. Sasa amekuja kufia kwangu! Nani atapanga hapa tena, mwanangu?"

"Alikuja kwa nani leo?"

"Mimi nitajuaje? Mguu unaniuma, nilikuwa nimelala. Wapangaji wote walikwenda kupanga foleni ya unga wa msaada. Nilisikia bomba likitiririka, basi."

Daktari wa polisi aliinama juu ya maiti. Hakuchukua muda mrefu.

"Pigo moja, nyuma ya sikio. Kitu cha chuma, kizito na chembamba. Hajakaa sana tangu afe."

Marehemu alikuwa amevaa kizibao cha rangi ya machungwa chenye maandishi makubwa mgongoni: HUDUMA ZA KINGA YA UKIMWI. Mkoba wake mkubwa ulikuwa kando, umefungwa vizuri.

"Ni wahuni wa barabarani, afande," Sajini alisema. "Wiki iliyopita waliwarushia mawe hawa wa vizibao. Wanadai ndio wanaosambaza korona nyumba kwa nyumba."

Inspekta alivaa glavu, akainua upindo wa kizibao, kisha akakunja ukosi.

"Tazama hapa. Upande wa nje, wenye maandishi, ni safi. Matone ya damu yako upande wa ndani, unaogusa gauni. Damu ilipitaje?"

Sajini aliinama akatazama. Halafu akasema polepole, "Alipopigwa alikuwa amekivaa kwa kukigeuza."

"Ndiyo. Na aliyemwua akamvua, akakigeuza, akamvisha tena ili maandishi yaonekane. Wahuni wa mawe hawana subira ya kumvalisha maiti."

Kituo alichofanyia kazi marehemu kilikuwa nyumba ya vyumba viwili, na viti vyake vya kusubiria vilikuwa vimepangwa juu ya meza kwa sababu mikusanyiko ilipigwa marufuku. Muuguzi aliwapokea kwa macho yaliyovimba. Alipoulizwa juu ya kizibao, hakusita.

"Kizibao ndicho kibali chetu. Bila maandishi kuonekana, askari wenu kwenye kizuizi hawatupitishi, wanatupiga. Lakini ukiingia na maandishi hayo uani kwa watu, majirani wote watajua mwenye mlango unaogonga ana nini. Kwa hiyo Dada Mkoba alipita kizuizini maandishi yakitazama nje, na akifika kwenye kona ya mtaa alikigeuza. Hakuwahi kusahau."

"Basi aliuawa akiwa ameshaingia kwa mtu," Inspekta alisema. Alifungua mkoba juu ya meza. Ndani mlikuwa na kondomu, vipimo vya kujipima, na vifurushi vya karatasi ya kaki vilivyofungwa kwa nyuzi za rangi mbalimbali.

"Hivi ni nini?"

"Vidonge. Wengine wanatumia vya kujikinga, wengine vya kufubaza virusi. Hospitali ilipoigeuza kliniki kuwa wodi ya korona, tuliombwa tuwapelekee wote waliokuwa wakichukulia pale, wawe wanawake wanaouza miili au wasiwe. Hatuandiki majina juu yake. Kila mtu anaijua rangi ya uzi wake, na haijui ya mwenzake."

"Kuna kilichopungua?"

Muuguzi alivipanga kimoja kimoja. "Chenye uzi mwekundu hakipo."

"Cha nani?"

"Siwezi kusema."

"Mama, mwenzako amelala kwenye jokofu la maiti!"

"Naijua hali yake, Inspekta. Na yeye aliwahi kulazwa selo na ninyi, akapigwa nyayo ataje wateja wake. Hakutaja. Unataka mimi nikutajie mtu wake leo, hata hajazikwa?"

Sajini aligeuka kutazama ukuta. Inspekta alifunga mkoba.

"Usitaje. Lakini nisikilize. Mwizi angebeba mkoba mzima. Mwenye chuki angevimwaga vyote mtaroni. Huyu alichagua kimoja tu, akaacha vingine, kwa sababu hicho anakihitaji. Hata baada ya kumwua mtu, alikumbuka dozi yake."

Muuguzi alijifunika uso kwa viganja. "Nakuomba kitu kimoja tu. Vilivyobaki msivifungie kabatini kama vielelezo. Kliniki imefungwa. Hao watu hawana pengine pa kuvipata."

Waliporudi kwenye nyumba za kupanga, mama mwenye nyumba alikuwa amekumbuka jambo.

"Kuna yule fundi wa majokofu, anayekaa chumba cha mwisho. Juzi nilimwona ujiani na Dada Mkoba, wananong'ona kama wezi. Mwanamke akampa kitu, naye fundi akakitia kifuani. Mwanamume ana mke mchanga ndani, kipande cha mke, anakwenda kunong'onezana na malaya! Na mke wake ndiye peke yake ambaye leo hakwenda foleni. Alibaki anafua."

Chumba cha mwisho kilikuwa kidogo, kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa shuka lililopigwa pasi. Picha ya harusi ilining'inia juu ya redio. Mke, ambaye ua mzima ulimwita Bi Harusi kwa kuwa ndoa yake ilikuwa haijatimiza mwaka, aliwakaribisha viti kwa adabu. Fundi alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kazini, mikono imejaa grisi.

"Ulikuwa wapi tangu asubuhi?"

"Duka la dawa, afande. Jokofu lao limekufa. Muulizeni mwenye duka, alinisimamia kama mkwe."

"Dada Mkoba alikupa nini juzi?"

Fundi alimtazama mkewe, kisha sakafu. "Hakunipa kitu."

"Umeonekana."

"Basi aliyeniona akwambie ni nini."

"Unajibu kijeuri, kijana," Sajini alisema. "Kuna mtu amepasuliwa kichwa kwa chuma, nawe unaishi kwa vyuma. Fungua hilo sanduku."

Sanduku la zana lilifunguliwa. Spana zote zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya miezi, isipokuwa moja. Kubwa kuliko zote, ilikuwa imesuguliwa hadi ikang'aa, na kwenye meno yake palikuwa na povu la sabuni lililokauka.

"Ulitoka nayo leo?"

"Hapana. Ile nzito huwa naiacha." Fundi aliikazia macho kwa mshangao wa kweli. "Nani kaiosha?"

Bi Harusi alikuwa akinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo.

"Sajini, pekua," Inspekta aliamuru.

Sajini alipekua chini ya godoro, ndani ya sufuria, nyuma ya picha ya harusi. Alipoupapasa mto wa upande wa ukutani, akasimama. Alichana mshono kwa kucha, akatoa kifurushi cha karatasi ya kaki. Kilifungwa kwa uzi mwekundu.

"Fundi, hiki ndicho ulichopewa?" Inspekta aliuliza, akikipeleka mbele ya uso wake. "Ulikiweka ndani ya huu mto baada ya kumwua?"

"Sicho, afande!" Fundi aliruka kutoka kitini. "Naapa sicho! Changu ni cha uzi wa kijani!"

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Alijiziba mdomo kwa mkono wenye grisi, lakini hapakuwa na cha kuziba tena.

Bi Harusi alikiacha kitambaa, akakaa sakafuni.

"Cha kijani?" alisema. "Wewe una cha kijani?"

"Tangu kabla sijakuoa," mumewe alijibu bila kumtazama. "Na huo mto ni wako."

"Ni wangu."

Inspekta alichutama mbele yake. "Sema, mama. Umeshafika mwisho."

Alisema kwa sauti ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Nilikuwa nikijiuza. Yeye alijua nafanya kazi hotelini. Dada Mkoba ndiye aliyenishika mkono siku nilipopimwa, ndiye aliyenisuka siku ya harusi yangu. Nilikuwa nikipokea dawa kwake pale bombani, mume wangu akiwa kazini. Juzi nikachungulia ujiani, nikawaona wananong'ona. Usiku huo mume wangu akalala amenipa mgongo. Nikajua nimechongewa. Nikajua nitarudishwa barabarani, na barabarani kwenyewe sasa hakuna hata mteja, kuna marungu ya askari."

"Leo ukamwuliza."

"Alinipa kifurushi changu. Nikamwuliza, 'Umemwambia nini mume wangu?' Akasema hajamwambia kitu. Nikamwuliza walikuwa wanazungumza nini. Akasema, 'Siwezi kukuambia.' Nikamshika nguo, nikamlilia. 'Niamini, mdogo wangu, siwezi.' Nikasema, wewe unataka ndoa yangu ife ili nirudi kuwa kama wewe. Akanitazama tu. Hata hakukasirika. Akanigeuzia mgongo ili afunge mkoba wake. Spana ilikuwa kwenye beseni, nilikuwa nataka kuiosha mafuta, nimfurahishe mume wangu."

"Na kizibao?"

"Ili wasingiziwe wale wa mawe. Nilimburuta peke yangu. Alikuwa mwepesi."

Sajini alizitoa pingu, akazishika bila kuzifunga.

"Mbona hakuniambia?" Bi Harusi aliuliza. Sasa alimwuliza mumewe, kana kwamba askari wameondoka. "Sentensi moja tu, kwamba na wewe unatumia. Ningecheka. Ningemkumbatia. Kwa nini akakubali kupigwa kuliko kusema?"

"Nilimwapisha," fundi alisema. "Nilimwambia kwamba mke wangu akijua, nitajinyonga, na damu yangu itakuwa juu yake."

Bi Harusi alitoa sauti iliyofanana na kicheko.

"Na mimi nilimwambia maneno hayohayo."

Pingu zilifungwa. Uani, wapangaji waliorudi na unga wao walisimama wameachiana nafasi kama walivyoamriwa na serikali, wakamtazama akipita. Mmoja aliuliza kwa sauti nani sasa atachukua kile chumba. Mama mwenye nyumba alimjibu kuwa kwanza kipuliziwe dawa, kwa maana hakuna ajuaye wale watu walikuwa na nini.

Fundi aliwafuata hadi kwenye gari la polisi. Hakumwendea mkewe. Alisimama upande wa dirisha la Inspekta, akasubiri majirani wageuke, ndipo akanong'ona:

"Afande, kile cha kijani nitakipata lini? Cha juzi kilikuwa cha siku nne tu, kinaisha kesho."

"Utaletewa," Inspekta alisema.

"Na nani?"

Inspekta alipandisha kioo. Gari likaondoka.

Wewe uliyeisoma hadithi hii hadi hapa, usiifiche kabatini. Mpe mwenzako naye aisome, na asiyejua kusoma umsomee kwa sauti. Akikuuliza ni habari za nani, msimulie yote, ila jina la mtu usimtajie.